Kwa nini maji ya Yordani yanaishia miguuni pa Yesu katika picha ya Piero della Francesca?

Swali

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada kuhusu picha ya Ubatizo wa Kristo aliyoichora Piero della Francesca katika karne ya 15, ambayo imehifadhiwa katika jumba la National Gallery, London. Yesu amesimama katikati, ameikutanisha mikono kifuani, na Yohana anammiminia maji kichwani kwa kibakuli. Ninachoshindwa kukielewa ni mto wenyewe. Kwa nyuma unaakisi anga na vilima, lakini ukifika miguuni pa Yesu ni kama umekauka, hata sakafu ya mto inaonekana. Je, kazi haikumalizika, au mchoraji alikusudia hivyo? Tena, nimelelewa katika kanisa linalobatiza kwa maji mengi, na Mathayo 3:16 inasema kwamba Yesu alipanda kutoka majini. Kibakuli hicho kinatoka wapi?

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, maji yapo. Ukisimama kando ya mto uliotulia, maji ya mbali huakisi anga kwa sababu unayatazama kwa mlalo, ilhali yale yaliyo karibu na miguu yako, unayoyatazama kutoka juu, hukuonyesha mchanga ulio chini yake. Piero alikuwa pia mwanahisabati, na aliandika kitabu kuhusu namna ya kuchora vitu jinsi jicho linavyoviona, kwa hiyo jambo hili halikumponyoka. Wapo wanaoona hapo Zaburi 114:3, ambapo Yordani unarudi nyuma, na fikra hiyo ni nzuri. Lakini kwangu maelezo ya jicho yana nguvu zaidi, kwa kuwa mchoraji huyohuyo amechora kwa uangalifu mkubwa hata taswira za mavazi ya watu wa nyuma zikionekana majini.

Jibu la pili

Kuhusu kibakuli, tusiifanye picha hii kuwa ushahidi wa namna Yohana alivyobatiza. Katika mozaiki (picha ya vipande vidogo vya rangi) ya jengo la ubatizo la Waario, yaani Wakristo waliokana kwamba Yesu ni sawa na Mungu Baba, huko Ravenna, Italia, la mnamo mwaka 500, Yesu yumo majini hadi kiunoni, na Yohana amemwekea mkono kichwani bila chombo chochote. Kufikia karne ya 15, kibakuli kilikuwa cha kawaida kwa wachoraji wa Italia. Hata mchoraji Verrocchio, katika picha yake ya ubatizo iliyoko katika jumba la sanaa la Uffizi, Florence, amekitumia. Piero amekipa kazi kubwa zaidi: hua, kibakuli na uso wa Yesu vimepangwa katika mstari mmoja wa wima, na hua mwenyewe, mabawa yakiwa yamenyooshwa, anafanana kabisa na mawingu yaliyomzunguka. Ni mpangilio unaonigusa sana, kwa sababu jicho halina budi kushuka kutoka mbinguni hadi kwa Yesu.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Na wale wanaume wa nyuma wenye kofia ndefu, pamoja na malaika walioshikana mikono?

Jibu la tatu

Mavazi hayo ni ya Mashariki. Mwaka 1439 viongozi wa Kanisa la Wagiriki walikuwa Florence kwa ajili ya mtaguso, yaani mkutano mkuu, wa kuliunganisha Kanisa lao na Kanisa la Roma, na mwaka huohuo Piero alikuwa akifanya kazi mjini humo pamoja na mchoraji Domenico Veneziano, hivyo huenda aliwaona kwa macho yake. Wengine huyahusisha maridhiano hayo na malaika wanaoshikana mikono, ingawa hiyo ni dhana tu. Nyumbani kwa Piero pia pamo: mji unaoonekana kwa mbali, kati ya Yesu na shina la mti, kwa kawaida hutambuliwa kuwa Sansepolcro, Italia, alikozaliwa na ambako picha hii ilitengenezwa kwa ajili ya altare (madhabahu ya kanisa). National Gallery iliinunua mwaka 1861, lakini mbao za pembeni za altare hiyo, kazi ya Matteo di Giovanni, zimebaki Sansepolcro, kwa hiyo anayetaka kuiona kazi yote hana budi kwenda katika nchi mbili.