Nyimbo 8 ziko tayari: albamu au singo moja moja?

Swali
Wakuu, msanii wa Bongo Fleva asiye na lebo, nyimbo 8 zimeshafanyiwa masta. Azimwage zote siku moja kama albamu au azitoe moja moja? Na singo ikiingizwa kwenye albamu baadaye, hesabu ya waliosikiliza inaanza sifuri?

Jibu 1
Tanguliza singo, mkuu. Spotify hupokea ombi la kuweka wimbo kwenye orodha zake (playlist): wimbo mmoja kwa kila toleo, tena uwe haujatoka. Albamu iliyomwagwa ghafla ina ombi moja tu; singo 3 za kutangulia zinakupa mengine 3. Ombi liingie angalau siku 7 kabla, ndipo wimbo uwafikie wafuasi kwenye Release Radar, orodha yao ya nyimbo mpya ya kila wiki. Faili limfikie msambazaji (anayepeleka nyimbo kwenye majukwaa) wiki 3 au 4 mapema, maana kava lenye namba ya simu au jina la Instagram hurudishwa.

Hesabu haipotei ukitumia ISRC ileile, yaani namba ya utambulisho wa rekodi. Ni herufi na tarakimu 12, na ni mali ya rekodi, si ya toleo. Wengi huliwa hapa: wanapopakia albamu wanaacha kisanduku cha ISRC wazi, mfumo unatoa namba mpya, wimbo unaonekana mgeni. Au wanakata utangulizi kidogo, urefu unabadilika. Faili lilelile, jina lilelile, walioshirikishwa walewale. Na usifute singo mpaka albamu ionekane na hesabu ziungane.

Jibu 2
Hela haijui albamu. Spotify huhesabu baada ya sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi. Nyimbo za kujazia ndizo zinazofia hapo. Kama kuna 2 dhaifu, ziondoe: nyimbo 6 zisizofika dakika 30 Spotify huziita EP (toleo fupi kuliko albamu), 7 ni albamu. (FOA ya Diamond ya 2022 ina nyimbo 10, EP kwa jina tu.) Skiza kule Kenya, huduma ya Safaricom ya nyimbo anazosikia anayekupigia simu, nayo inauza wimbo mmoja mmoja, kila mmoja na namba yake ya msimbo.

Jibu 3
Msiizike albamu jamani. Enzi za kanda, singo ilikuwa ya redio na albamu ndiyo iliyokwenda sokoni. Kanda ya dakika 60, kila upande 30, taarabu ndefu chache tu zinaijaza. Siku hizi albamu inabeba shoo. Promota akitaka dakika 45, singo 2 zitamfikisha wapi? Hata Grammy wanaanzia nyimbo 5 na dakika 15.

Aliyeuliza
Nimewapata. Singo 3, kila moja wiki 5 baada ya nyingine, kisha albamu ya nyimbo 7?

Jibu 1
Sawa, ila bakiza wimbo mkali ambao haujatoka. Ndio utakaouombea siku ya albamu, na uuweke namba 1.