Outback 2016: taa ya HomeLink inameta haraka lakini mlango wa gereji haufunguki

MamaZawadi
Habari zenu wapendwa. Naombeni msaada, jambo hili limenichosha.

Tuko Columbus, Ohio. Mwezi wa tisa tulinunua Subaru Outback ya 2016 mkononi mwa mtu, na chini ya kioo cha ndani ina vile vitufe vitatu vya HomeLink, vya kufungulia mlango wa gereji kutoka ndani ya gari badala ya rimoti. Nyumba tuliyopanga ina mlango wa gereji wa umeme ila rimoti ni moja tu, na baba Zawadi anatoka nayo alfajiri. Mimi nafanya zamu ya usiku, narudi saa moja na nusu asubuhi. Basi naacha gari njiani, nashuka kwenye barafu, nazunguka mlango wa mbele, napita jikoni hadi gereji kubonyeza kitufe cha ukutani, halafu narudi tena nje kuingiza gari. Baridi ya mwaka huu sitaki kuipitisha hivyo.

Nimefuata kitabu cha gari. Nimeshika rimoti karibu na kitufe cha kwanza, nikabonyeza vyote viwili kwa pamoja. Taa ikameta polepole, kisha ikameta haraka haraka kama kitabu kilivyosema. Lakini sasa nikibonyeza kitufe cha gari peke yake, taa inameta haraka kama sekunde mbili, inatulia na kuwaka mfululizo, na mlango kimya. Rimoti yenyewe inafungua bila shida.

Mota iko juu darini. Mgongoni mwake kuna kitufe cha njano chenye kitaa pembeni. Sijakigusa, naogopa nisije nikaifuta rimoti ya mume wangu tukabaki wote nje. Je, vitufe vya gari ni vibovu, au kuna hatua nyingine?

KakaDallas
Pole dada. Badilisha kwanza betri ya rimoti. Yangu ilinisumbua, nikaweka mpya ikakubali.

FundiMilango
Dada pole na baridi. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza milango ya gereji hapa hapa Ohio, na swali hili naulizwa kila msimu wa theluji unapoanza. Kaka wa Dallas ana nia njema, lakini betri ingekuwa imechoka, taa isingefika hatua ya kumeta haraka. Vitufe vyako ni vizima kabisa. Umefika nusu ya kazi.

Gari limeshaisoma rimoti. Mota ndiyo bado haijalitambua gari. Hiyo taa kumeta sekunde mbili kisha kutulia ndiyo dalili kwamba mlango wako unatumia namba za siri zinazobadilika. Kama mota ingekuwa ya zamani, ya namba moja isiyobadilika, taa ingewaka mfululizo tangu mwanzo na mlango ungefunguka palepale.

Hizo mota za zamani zilipangwa kwa swichi ndogondogo ndani ya rimoti. Ukizipanga sawasawa na za mota, basi, mlango unafunguka. Tatizo ni kwamba mtu mwenye kifaa cha kunasa mawimbi angeweza kukaa barabarani, akairekodi namba yako mara moja tu, na kesho yake akaingia. Kwa hiyo kuanzia miaka ya 1990 watengenezaji wakahamia kwenye namba inayobadilika kila unapobonyeza. Mota inatunza orodha ya rimoti ilizotambulishwa, na kwa kila moja inajua namba zinazofuata. Outback yako imejifunza kutoka kwenye rimoti aina ya mawimbi na mtindo wa namba, lakini inatuma utambulisho wake yenyewe. Kijana kakubaliana na binti, ila bado hajajitambulisha ukweni.

Utambulisho unafanyika kwenye hicho kitufe cha njano. Njano ni mfumo wa Security+ 2.0 wa mota za Chamberlain, LiftMaster na ndugu zao, za kuanzia 2011. Zambarau ni za kabla ya hapo, zinatumia mawimbi ya 315 MHz, na zenye kitufe cha chungwa au chekundu ni za nyuma zaidi, 390 MHz. Rangi hiyo ndiyo kitu cha kwanza ninachokiangalia nikipanda ngazi, hata kabla ya jina la kampuni.

Mtahitaji watu wawili, mmoja kwenye ngazi na mwingine ndani ya gari, kwa sababu muda ni mfupi. Gari weka swichi kwenye ON bila kuwasha injini. Nasisitiza hili. Wakati wa baridi watu hufunga mlango, wanawasha injini wapate joto huku wakihangaika na vitufe, na moshi wa gari una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Inaua. Fungua mlango kabla ya kuanza, na watoto wakae mbali, maana mlango unaweza kushuka au kupanda wakati wowote mnapojaribu.

Baba Zawadi abonyeze kitufe cha njano mara moja na kukiachia. Kitaa cha pembeni kitawaka, na kuanzia hapo mna sekunde 30. Wewe uliye kwenye gari bonyeza kitufe chako ukikishikilia sekunde mbili, achia, rudia. Wakati mwingine inakubali mara ya pili, wakati mwingine ya tatu. Ikikubali, taa ya mota itameta au utasikia inalia tik, na ukibonyeza tena mlango unaondoka.

Hofu yako kuhusu kile kitufe ina msingi. Kukibonyeza na kukiachia hakufuti chochote, kunaongeza tu. Kinachofuta ni kukishikilia. Ukipita sekunde sita hivi mpaka kitaa kizime, rimoti zote zinasahaulika pamoja na kibao cha namba cha nje kama kipo.

Halafu kuna jambo hukuuliza, na kwangu ni kubwa kuliko mlango wenyewe. Gari mmelinunua mkononi mwa mtu. Kitufe cha kwanza umeshakiandika upya, lakini cha pili na cha tatu vinaweza kuwa bado vinafungua nyumba ya aliyewauzia. Mfutieni. Shikilia vitufe viwili vya pembeni kwa pamoja mpaka taa imete haraka, matoleo mengine sekunde 10, ya zamani hadi 20, kisha achia. Inafuta vyote vitatu kwa mpigo, hakuna kufuta kimoja kimoja, kwa hiyo fanya hivyo kwanza, halafu rudia kusomesha rimoti, ndipo mwende kwenye kitufe cha njano.

Mkaazi_Edmonton
Nimpongeze fundi. Niongeze kwa walioko Kanada: rimoti zetu zinakata mawimbi zenyewe baada ya sekunde chache, ndivyo sheria ya huku inavyotaka. Kwa hiyo hatua ya kwanza haiwezekani ukiishikilia tu rimoti. Shikilia kitufe cha gari bila kuachia, rimoti uwe unaibonyeza na kuiachia, bonyeza achia, mpaka taa ibadilike.

MamaZawadi
Fundi, Mungu akubariki! Tumefanya jioni hii. Nimefuta vitufe vyote, nikasomesha upya, baba Zawadi akapanda ngazi akapiga kitufe cha njano. Niliposhika mara ya pili nikasikia tik na taa ya dari ikameta. Zawadi alipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Ila umenitia mawazo. Kama gari linaweza kukumbuka nyumba ya mwenzetu, na mota hii je? Nyumba ni ya kupanga, walikaa watu kabla yetu, na mlango wa kutoka gereji kuingia jikoni usiku huwa hatuufungi kwa ufunguo.

FundiMilango
Hapo umewaza sawasawa. Mota inakumbuka rimoti zote ilizotambulishwa, na aliyehama na rimoti mfukoni bado anaingia kwenu. Kwa kuwa nyumba si yenu, mwambieni kwanza mwenye nyumba, huenda naye ana rimoti yake. Akiridhia, shikilia kitufe cha njano mpaka kitaa kizime, kisha tambulisha upya rimoti yenu na gari. Kitufe cha ukutani chenye waya kitaendelea kufanya kazi, kwa hiyo hamtakwama. Na ule mlango wa jikoni anzeni kuufunga leo, kabla hata hajawajibu.

Jambo dogo: ukiona gari linafungua ukiwa karibu sana tu, angalia balbu za mota. Baadhi ya balbu za LED zinavuruga mawimbi. Itoe, ujaribu bila balbu, utajua.

Kileleshwa_Dre
Nimesoma yote na nina swali kutoka Nairobi. Nina Audi Q5 iliyotoka Uingereza, iko na vitufe hivyo. Geti letu ni la kuteleza, lina mota na rimoti ya mawimbi ya 433 MHz. Nimefanya ile hatua ya kwanza na taa haibadiliki kamwe, inameta polepole tu mpaka inazima. Fundi wa geti anasema haiwezekani.

FundiMilango
Kaka, kwa njia hiyo fundi wako yuko sahihi. Mawimbi yanaweza kulingana, 433 kwa 433, lakini kama mtindo wa namba wa rimoti hiyo haumo kwenye kumbukumbu za HomeLink ya gari lako, gari haliwezi kuuelewa hata ukae hapo mpaka jioni.

Lakini kuna njia. Mwombe akutafutie risiva ya ziada, yaani kifaa cha kupokea mawimbi ya rimoti, ile iliyo kwenye orodha ya HomeLink kwa gari lako, yenye waya mbili za kutoa. Waya hizo anazifunga kwenye mota mahali palepale zinapofika waya za kitufe anachobonyeza askari kwenye kibanda. Mota haitajua kama amebonyeza askari au umebonyeza wewe. Gari utalitambulisha kwa risiva mpya, na rimoti zenu za zamani zitaendelea kama kawaida kwa sababu risiva ya kwanza haijaguswa. Azime umeme na atoe betri ya mota kabla ya kugusa waya, na apime kwanza kama risiva inataka volti 12 au 24.