Tupeane uzoefu: Whirlwind ya Lainey Wilson umeisikilizia wapi na imekufanya nini?

Mama Chapati, Nakuru

Wapenzi wa muziki wa kantri hamjambo. Whirlwind, albamu ya yule mwimbaji wa kantri wa Marekani Lainey Wilson, ilitoka Ijumaa, tarehe 23 Agosti 2024, na tangu hiyo siku kila mahali ni maksi tu, huyu ampe nane, yule ampe tano, mwingine ati hii si kantri ni rock imevaa kofia. Mimi maksi sitaki. Niambie ulikuwa wapi, ulikuwa unafanya nini, na ni wimbo gani ulikufanya uache hiyo kazi.

Naanza mwenyewe. Jumapili, niko jikoni nakanda unga, simu nimeiweka ndani ya sufuria tupu ndio sauti itoke, wenye spika msinicheke. Kwetu Jumapili ilikuwa siku ya kantri, marehemu baba alikuwa na redio kaseti na kanda tatu, Jim Reeves, Skeeter Davis na Dolly Parton, na hiyo ya Dolly redio ilikuwa imeitafuna akaiunga na selotepu, kwa hivyo kuna mahali inaruka, na mpaka leo nikiimba Jolene naruka hapo hapo, watu wa kanisa wananishangaa. Sasa huyu msichana akifungua mdomo, hicho Kiingereza cha Louisiana cha kuvuta maneno kama chingamu, nikaona baba kwa kiti chake kabisa. Halafu drams zikaingia. Wah! Sufuria ikaanza kutetemeka na simu ndani, paka akatoka mbio.

Kwa hivyo shida yangu ni hiyo, sauti naipenda, makelele siyapendi. Ulionishika ni Good Horses ameimba na Miranda Lambert, hapo vyombo vimetulia, farasi mzuri anakimbia huko anakotaka lakini nyumbani anarudi. Chapati ya kwanza iliungua. Haya, wengine.

Babu Kaseti, Moshi

Mwanangu Mama Chapati, pole kwa chapati. Mimi sina simu ya kisasa, mjukuu aliniwekea kwenye redio ya flashi nikakaa nayo barazani usiku umeme ukiwa umekatika. Nyimbo 14. Nilianza nimekunja uso, nikakunjua kwenye wimbo wa kwanza tu, Keep Up with Jones, maana nilielewa utani ambao mjukuu hakuuelewa. Anasema yeye anajaribu kwenda sambamba na Jones, na huyo Jones ni George Jones, yule mzee wa Texas aliyefariki 2013, bingwa wa sauti na bingwa wa chupa. Inasimuliwa, na mwenyewe alikiri kitabuni kwake, kwamba mkewe alipomficha funguo za magari ili asiende kununua pombe, alipanda mashine ya kukatia nyasi akaenda nayo dukani barabarani hivyo hivyo. Mjukuu alicheka mpaka akalala.

Sasa hili la kwamba si kantri. Nimelisikia maisha yangu yote. Jim Reeves mnayemlilia leo kama malaika, wakati wake kule Nashville, mji mkuu wa kantri, walimwambia vayolini nyingi, kwaya nyingi nyuma, kantri mmeiua. Akaanguka na ndege 1964, leo yeye ndo kipimo cha kantri safi. Kila baada ya miaka kumi wanaizika na kila mara maiti anaamka anadai chai. Huyo binti ana stili gitaa kwenye albamu, ile inayolia kama mtu anayeomboleza kwa adabu, ila huwezi kuisikia kwenye sufuria, nisamehe.

Gita Kavu, Nakuru pia

Mzee Babu Kaseti heshima yako. Mimi napiga gita peke yangu kwa baa, mugithi ya Kikuyu na kantri, Ijumaa mpaka Jumapili, kwa hivyo mimi uzoefu wangu ni wa kibiashara. Nilijifunza 4x4xU wiki nzima. Ni wimbo wa mapenzi ya ndani ya gari, mimi na wewe popote hata kama ni matope, nikasema hii lazima ipite, hapa nusu ya wateja wamekuja na pikapu zina matope ya kweli. Nimeimba vizuri, naapa, hata ile kuvuta maneno nilivuta. Nikimaliza kimya. Meza moja walipiga makofi mawili, sio watu wawili, makofi mawili. Weita akaja na noti ya 200 imekunjwa na kakaratasi, nikadhani ni pongezi, kufungua imeandikwa CHEZA COWARD OF THE COUNTY. Hiyo ya Kenny Rogers ni ya 1979! Niliimba mara tatu hiyo usiku.

Kuna kitu kingine kimenikera. Humo ndani ya albamu kuna wimbo anasema kantri imekuwa "cool" tena, yaani imerudi kwa fasheni. Tena? Kwani hapa iliacha lini? Huko kwao imekuwa inaingia na kutoka, hapa kwetu haijawahi kutoka, tuna Sir Elvis, tuna Esther Konkara, tuna wazee wanalia na Don Williams asubuhi ndani ya matatu. Msichana aje Nakuru tumwonyeshe.

Wa Kapkatet

Gita Kavu amenitoa maneno mdomoni. Sisi Wakipsigis tulikuwa tunaimba kuhusu Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa zamani wa Marekani, kabla nyanya wa huyo Lainey ajue kuendesha gari. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alikuja na mitambo yake akarekodi wasichana wa kwetu wanaimba Chemirocha, na Chemirocha ndiye Jimmie Rodgers, walisikia santuri za huyo mzungu anayeimba kama amekwama kooni wakaamua huyu si mtu, ni nusu mtu nusu swala. Alikuwa amekufa tangu 1933 lakini nani angewaambia. Albamu nimesikiza nikikamua ng'ombe, sina maoni, ng'ombe alitoa maziwa ya kawaida.

Dereva wa Usiku, Houston

Nakazia kwa Mama Chapati kwamba tuache maksi. Mi naendesha lori, Houston kwenda mashariki na kurudi, barabara kuu ya I-10. Usiku wa Jumamosi hiyo baada ya albamu kutoka niko Louisiana, nimetoka Baton Rouge nimeshika lile daraja la Atchafalaya, kama hulijui ni daraja la karibu maili 18 juu ya kinamasi, huoni nchi kavu, ni miti imesimama kwenye maji na taa zako tu. Mvua. Kampuni, sitaitaja, ilikuwa imenikata pesa ya kusubiri mzigo masaa sita, nimenuna siongei hata na mke kwenye simu. Ikaingia Bar in Baton Rouge. Yaani mji umetoka kuuacha kwenye kioo cha pembeni na mtu anauimba na ni mtu wa hapo hapo Louisiana, kijiji cha Baskin, watu mia chache tu, baba mkulima. Nikaongeza sauti. Drams ambazo wewe dada zinakukera mimi ndo zilinivusha macho, bila hizo drams ningesinzia na sasa hivi msingekuwa mnasoma hii.

Na niwaambie kitu kuhusu huyu dada kinachonifanya nimvumilie hata wimbo ukiwa wa kawaida. Alifika Nashville 2011 akaishi kwenye karavani, ile nyumba ya kukokotwa na gari, miaka. Wimbo wake wa kwanza kufika namba moja redioni ilikuwa 2021. Hesabu mwenyewe. Kabla ya hapo akiwa msichana alikuwa anavaa wigi anaigiza Hannah Montana, yule msichana mwimbaji wa kwenye TV, kwenye sherehe za bethdei za watoto ili apate pesa. Mi nililala kwenye gari miezi minne nilipofika hapa na kwetu nilikuwa nawaambia niko apatimenti. Kwa hiyo wa karavani ni ndugu yangu.

Mpita Njia

Huyu si ndo yule alicheza kwenye tamthilia ya Yellowstone? Mwenye suruali pana chini?

Dereva wa Usiku, Houston

Ndo huyo huyo mkuu. Na 2023 alichukua Entateina wa Mwaka ya CMA, zile tuzo za chama cha kantri Marekani, mwanamke wa kwanza tangu Taylor Swift 2011, na mwezi wa sita 2024 akaingizwa Grand Ole Opry, ile jukwaa kongwe la kantri la Nashville. Sikiliza nyimbo basi, suruali utaiona baadaye.

Ticha wa Darasa la Pili, Njombe

Nimekuwa nasoma tu kimya kimya siku tatu. Mimi kantri nilirithi kwa mume, sikuwa naipenda sana. Ila Whiskey Colored Crayon imenikalisha chini. Ni kisa cha mwalimu na mtoto darasani, wanaambiwa wachore, na rangi mtoto anayomchagulia baba yake ndiyo inayosema kilichopo nyumbani. Baadaye nikajua mama wa huyu mwimbaji alikuwa mwalimu, nikasema sawa, ndiyo maana.

Miaka ya nyuma kwenye shule nyingine nilikuwa na mtoto, mkimya, penseli zake fupi fupi anazishika kwa ncha za vidole. Niliwaambia wachore familia. Akachora mama amesimama, dada amesimama, mbuzi amesimama, na baba amelala chini, pembeni kabisa ya karatasi, karibu na njia. Nikamuuliza huyu ni nani, akasema baba. Anafanya nini? Amelala. Nikaandika pembeni kwa peni nyekundu "Baba amelala, vizuri sana" nikaweka vema. Nikaendelea na dawati linalofuata.

Wimbo ulipoisha nilikuwa nasahihisha madaftari, nilikaa na peni mkononi mpaka wino ukafanya doa kwenye daftari la mtoto wa watu. Sijui kama albamu ni nzuri. Huo wimbo siusikilizi tena shuleni.

Mama Chapati, Nakuru

Mwalimu, pole. Mimi huo nilikuwa nimeuruka juu ya jina, nikafikiri ni wa walevi. Nimerudi nimeusikiza. Hata drams sikuzisikia, nimeshukuru.

Mkosoaji wa Arusha

Nitapingana na wengi na msinitukane. Mi mpenzi wake wa tangu albamu ya nyuma, Bell Bottom Country ya 2022, ile iliyompa Grammy mwezi wa pili 2024. Ile ilikuwa na udongo, unamsikia baba yake, unasikia shamba. Hii nimeisikilizia kwenye basi Arusha mpaka Dodoma, masaa mengi, nimeizungusha mara nne, na ninachosikia ni mtu aliyechoka na safari. Jina lenyewe kimbunga, ndiyo, najua, ndo dhamira, lakini nyimbo za mwanamuziki kulalamika kwamba ratiba imebana mi zinanipita, maana mi ratiba yangu pia imebana na sina basi lenye kitanda. Prodyuza ni yule yule, Jay Joyce, kwa hiyo lawama za drams mzipeleke kwake. Ila sauti ya binti imekomaa, hapo sibishi. Good Horses na huo wa ticha, hizo mbili zitabaki. Nyingine nyingi zimetengenezwa kwa uwanja wenye watu elfu ishirini wenye bia mkononi, na mi nilikuwa siti ya dirishani na mfuko wa machungwa.

Babu Kaseti, Moshi

Mkosoaji umesema vizuri kijana wangu ila ukumbuke na Dolly aliambiwa hivyo hivyo alipoacha kuimba ya milimani Tennessee akaenda kuimba ya ofisini. Na huyu Lainey ana wimbo wa zamani wa kujiuliza Dolly angefanyaje. Anajua anakokwenda. Mpe muda.

Dada wa Maskati

Mimi nachelewa kuandika maana simu naishika usiku tu. Niko Oman mwaka wa pili, kazi za ndani. Nasikiliza na kisikio kimoja, cha kushoto, kulia nabaki wazi nisije nikaitwa nisisikie. Kwa hiyo albamu nzima nimeisikia nusu! Kuna gitaa najua liko upande wa kulia sijawahi kulisikia.

Napiga pasi. Kanzu za wanaume, nyeupe, mkunjo mmoja tu bosi anaiona. Good Horses ilipoingia mara ya kwanza nilikuwa kwenye kola, nikasimama, pasi nimeinua juu sijaiweka chini wala sijaipitisha, maji ya mvuke yanadondoka. Kiingereza changu cha kuokoteza lakini hilo la kurudi nyumbani nililipata. Mkataba wangu unaisha mwezi wa tatu. Sikulia, kanzu ingeingia madoa. Nilipofika chumbani ndo niliitafuta tena nikaweka visikio vyote viwili, na kweli, kulia kuna gitaa.

Gita Kavu, Nakuru pia

Dada wa Maskati umenimaliza. Leo ni Ijumaa. Nitaimba Good Horses leo kwa baa, nitaimba nikikufikiria na hiyo pasi. Nitarudi na majibu.

Mama Chapati, Nakuru

Tunangoja. Na usivute maneno sana, imba kama mtu wa hapa.

Gita Kavu, Nakuru pia

Nimerudi, saa tisa usiku. Niliiweka kati ya Don Williams wawili ndio wasishtuke. Niliimba polepole, gita pekee. Mzee mmoja pale kaunta aligeuza kiti kabisa akaniangalia mpaka mwisho. Weita akaja na noti, tena 500, na karatasi. Kufungua: "Hiyo ya farasi ni ya nani? Na baadaye Coward of the County."