Ushauri: Naorodhesha madaraja yaliyoumizwa na mvua, nianze na lipi?

Fundi_Bonde: Wakuu, salaam. Mimi ni fundi sanifu ujenzi, nipo Dar. Nimepewa kazi ya kukagua madaraja madogo na makalavati (mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara) kwenye kata zinazopakana na Mto Msimbazi baada ya masika, kisha nipendekeze yapi yatengenezwe kwanza. Fedha haitoshi yote. Nimepiga picha za nyufa, kingo zilizovunjika na nondo zilizobaki wazi, nikaanza kuyapanga kwa uharibifu unaoonekana. Ila kuna kidaraja kimoja kinaninyima usingizi. Kwa macho ni kizima, lakini wakazi wanasema lori la taka likipita kinatikisika. Kwa picha zangu kitaangukia mkiani, na wanafunzi wanavuka hapo kila siku. Nitumie kigezo gani?

Maji_Hayana_Adabu: Mkuu, hicho kiweke juu kabisa mpaka uthibitishe vinginevyo. Daraja la mtoni mara nyingi linaliwa chini. Mto ukijaa, maji yakigonga nguzo yanazunguka kwa nguvu na kuchimba udongo ulioshika msingi. Mafuriko yakipungua, lile shimo linajazwa na mchanga laini na tope, hivyo ukija kukagua unaona mto umetulia kabisa, kumbe msingi hauna mshiko. Daraja la Schoharie Creek, New York, liliporomoka hivyo wakati wa mafuriko mwaka 1987, watu 10 wakafa.

Maji yakishuka, chukua nondo ndefu uchome kuzunguka msingi, kisha uchome mita kadhaa pembeni. Ikizama kirahisi zaidi penye msingi, shuku kwamba palichimbwa. Pima pia kina kutoka sakafu ya daraja hadi chini ya mto, ulinganishe na mchoro wa ujenzi kama upo. Halafu tembea kufuata mto unakoelekea. Kama kuna watu wanachimba mchanga wa kujengea, sakafu ya mto inashuka na msingi unabaki juu juu.

Dada wa Tabata: Na tuta la maingilio, kaka. Daraja linaweza kubaki limesimama huku udongo wa pande zote mbili umeondoka, na hapo halivukiki. Kwenye makalavati angalia taka: mdomo ukiziba, maji yanapanda juu ya barabara na kukata tuta.

Fundi_Bonde: Asanteni sana, nondo naitafuta. Swali lingine: mawili yana uharibifu sawa. Moja linapitisha magari mengi, lingine bodaboda na waenda kwa miguu tu. La kwanza litangulie?

Mchora Ramani: Usihesabu magari peke yake. Chukua ramani, lifute daraja moja, uone watu wa ng'ambo watafikaje zahanati, shule na sokoni. Ramani ya kuanzia ipo bure: Ramani Huria ilianza 2015 kuchora maeneo ya Dar yanayofurika, na data iko OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni.

Kosa ninaloliona sana ni kuhesabu njia mbadala inayofungwa na mvua ileile. Morogoro Road ikifungwa Jangwani, unasema magari yatazunguka Kawawa Road, wakati nayo pale Mkwajuni imejaa maji. Hiyo si mbadala. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika Somanga, na mzunguko wa kupitia Songea ni safari ya siku nyingine kabisa. Kwenye kata zako ni vivyo hivyo kwa udogo wake: kama la bodaboda ndilo njia pekee ya mama mjamzito kufika barabarani, mimi ningelitanguliza.

Maji_Hayana_Adabu: Naunga mkono. Ila hicho kinachotikisika kisingoje orodha. Andika leo kwa meneja wa wilaya wa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), nakala kwa mtendaji wa mtaa, uombe malori yazuiwe mpaka msingi ukaguliwe. Kama barabara iko chini ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa), barua iende huko. Ambatanisha maelezo ya wakazi, saa na aina ya gari.

Fundi_Bonde: Naandika sasa hivi. Mtendaji nimeshampigia, anatafuta mawe na mapipa ya kuziba njia ya malori usiku huu.