Kuhamisha mipilipili hoho iliyokwisha kutoa maua

Swali
Habari zenu, ndugu. Mipilipili hoho yangu imeanza kutoa maua ilhali mizizi imekwisha kuchomoza kwenye matundu ya chini ya vyungu, na udongo unakauka saa chache tu baada ya kumwagilia. Je, niihamishie vyungu vikubwa sasa, au nisubiri hadi baada ya mavuno? Na mbolea ya urea niliyokuwa nikiitia, niendelee nayo?

Jibu la kwanza
Kwa kawaida ningekushauri usubiri, kwa kuwa mmea uliosumbuliwa mizizi wakati huu huweza kupukutisha maua. Lakini ukame wa kila siku utayaangusha vilevile, kwa hiyo hamisha. Mwagilia siku moja kabla, fanya kazi jioni, toa bonge lote la udongo bila kulivunja, liweke katika chungu kinacholizidi kwa sentimita 5 hivi kila upande, kisha iache mimea kivulini siku 2 au 3.

Jibu la pili
Nakubaliana, ila urea iache. Ina naitrojeni asilimia 46, nayo ikizidi mmea hujaza majani na kusahau matunda (mimi nilivuna majani matupu msimu mzima kabla sijaelewa). Tumia mbolea yenye potasiamu nyingi, iliyozimuliwa kwa maji, wiki moja au mbili baada ya kuhamisha, wala usiimimine kwenye udongo mkavu, kwani huweza kuunguza mizizi.

Muuliza swali
Nawashukuru. Nitamwagilia leo na kuhamisha kesho jioni, nikianza na vyungu viwili vilivyobanwa zaidi.