Risasi za .22: za bei rahisi au za mashindano?

Kijana wa Malindi
Assalaam alaykum. Leseni ninayo, bunduki ya .22, ile ya risasi ndogo, ninayo, na nikivuka bara kutoka Unguja napiga shabaha ya mita 50 kwenye klabu. Tatizo mfuko. Boksi moja la Eley Tenex, risasi za mashindano, linakula pesa ya maboksi kadhaa ya kawaida. Tofauti ipo kweli, au twalipia jina?

Mpemba wa Muscat
Waalaykum salaam yakhe. Ipo. Kwenye karatasi ya mashindano ya mita 50, duara la katikati, la alama kumi, lina upana wa milimita 10.4 tu. Risasi rahisi hazitoki kwa kasi moja: hii inapanda, nyengine inashuka, nawe wadhani mkono umetetemeka. Tena nyingi ni za kasi kubwa, zinatoka mtutuni zimeshaipita kasi ya sauti, na zikipungua kasi njiani zinayumba. Za mashindano huenda kama mita 325 kwa sekunde, chini ya sauti tangu mwanzo.

Bahari ya Wete
Sawa, lakini usimtie mwenzio gharama bure. Anayejifunza kushika pumzi na kuminya kifyatuo, Tenex ya nini? CCI Standard Velocity, risasi ya kawaida, nayo haiipiti sauti, na bei yake ni ya kubebeka.

Mzee wa Mkoani
Wanangu, bunduki ndiyo inayochagua. Ilaze juu ya mfuko wa mchanga, jaribu aina tatu nne, piga tano tano, kisha pima matundu yametawanyika kiasi gani. Kila ukibadilisha aina, za mwanzo usizihesabu, mtutu bado una mafuta ya zile ulizotoka kupiga. Ikishakubali aina, soma namba ya toleo kwenye boksi, yaani mkupuo wa kiwandani, ununue hiyohiyo.

Na za rahisi mara nyengine hazilii. Kwenye .22 dawa ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda. Pini ikigonga pasipo na dawa, kimya. Usifungue hapo hapo! Elekeza mtutu kwenye shabaha, subiri nusu dakika, ndo uitoe.

Kijana wa Malindi
Ahsante mzee. Basi nachukua CCI na aina mbili nyengine nizijaribu hivyo. Tenex ngoja hadi siku ya mashindano.

Bahari ya Wete
Hiyo Tenex ijaribu kabla, usiende nayo mashindanoni hujui bunduki inaipokeaje. Na huku kwetu hewa ni ya chumvi, ziweke kwenye kopo lisiloingiza unyevu. Ukimaliza kupiga nawa mikono kwa sabuni kabla hujala. Kinachobaki mikononi ni madini ya risasi (lead), ni sumu.