Tupeane uzoefu, watu wa Mombasa: uliambiwa nini kuhusu kutoa damu, na ulipokwenda ukakuta nini?

Mjukuu wa Kibokoni
Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Naanza mie.

Bibi yangu alitulea na hofu ya mumiani. Jua likizama hatukuthubutu kukatiza vichochoro peke yetu, tusije tukakamatwa tukakamuliwa damu. Nimekua, nimesoma, nina watoto, lakini kila nikiona hema la kutolea damu miguu ilikuwa ikinipeleka upande wa pili wa barabara.

Kisha dadangu akajifungua, na mtoto alipotoka damu haikukatika. Usiku ule tulikuwa wanaume sita nje ya wodi. Daktari akatoka akauliza nani yuko tayari kutoa. Mmoja akakumbuka ana presha, mwengine feri itamwacha, mwengine akainama tu. Nikajitolea, mikono inanitetemeka.

Sasa sikilizeni. Damu yangu haikumsaidia dada usiku ule. Ilibidi kwanza ipimwe Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Aliyemwokoa ni mtu tusiyemjua, aliyetoa kabla, damu yake ikawa imeshapimwa na imo kwenye friji. Hilo halijanitoka moyoni. Mie nilidhani damu hutolewa mgonjwa akishalala kitandani. Nyinyi mlidhani nini?

Mama Mahamri, Kongowea
Mie niliambiwa mwanamke hatoi, kwa kuwa ashatoa yake kila mwezi. Nikaamini mpaka nina miaka 34. Nilipokwenda Makadara wakanipima uzito (lazima ufike kilo 50), wakanidunga kidole, tone wakalidondosha kwenye maji ya samawati. Likizama upesi, damu yako ina nguvu. Langu likazama. Wakachukua mililita 450, nikapewa soda na biskuti, nikaambiwa nirudi baada ya miezi 4. Wanaume wao ni 3.

Safari ya pili tone likaelea. Walinirudisha nyumbani, hawakunigusa mshipa. Nilikaa nikila matembele, kunde na maini mpaka nikafaa tena. Kwa hivyo anayesema wanakunyonya tu bila kujali hali yako, mie sikuyaona hayo.

Boda wa Bamburi
Kijiweni kwetu wanasema inamaliza nguvu za kiume. Nimetoa mara saba na sijaona tofauti yoyote. Ila siku ile sibebi mzigo kwa mkono uliodungwa, na nakunywa maji mengi. Mara ya kwanza nilikwenda sijala tangu asubuhi, nikaona kiza. Walinilaza, wakaniinua miguu, dakika chache nikawa sawa. Kosa lilikuwa tumbo tupu.

Likoni Ng'ambo
Mie nina donge na nitalisema. Mamangu alilazwa hospitali moja ya kibinafsi, tukapeleka watu wanne watoe, na bili ilipokuja damu imo ndani. Kama nimetoa bure, kwa nini nilipe? Tangu hapo nikasema wanauza, na sijatoa tena.

Maabara, Tudor
Pole sana kwa mama. Nafanya kazi hii, na swali lako ni la haki. Damu yenyewe haiuzwi. Lakini mfuko wa kutilia damu una gharama, vipimo vya magonjwa vina gharama, kisha lazima tuchukue damu ya mgonjwa tuilinganishe na ya mfuko tuone hazigombani. Hospitali za kibinafsi hutoza kazi hiyo. Mlistahili kuelezwa hayo mapema, na bili ilifaa iandikwe waziwazi. Hapo nakubaliana nawe kabisa.

Na jambo jengine: mfuko wako haukai milele. Chembe nyekundu hudumu wiki tano au sita kwenye friji. Chembe za kugandisha damu ni siku tano tu au saba. Hatuwezi kukusanya mwaka huu tukatumia mwaka ujao.

Mwalimu, Changamwe
Hili la wiki tano ndilo linalonisumbua. Wanafunzi wetu waliofikisha miaka 16 hutoa kwa wingi shule zikifunguliwa. Likizo ikifika wanatawanyika, na wagonjwa hawana likizo. Mtoto wa selimundu (sickle cell) damu ikimshuka Agosti, au mdogo wa miaka miwili malaria ikimkausha damu, wanategemea sisi watu wazima ambao tuna visingizio. Mwezi wa Ramadhani nao watu hupungua. Mie hutoa baada ya futari, nimeshakula nimeshakunywa. Anayetaka kuuliza zaidi amuulize shekhe wake.

Likoni Ng'ambo
Maabara, ahsante kwa kunijibu bila kunifokea. Hakuna aliyewahi kunieleza habari ya kulinganisha. Mie ni kundi O, nakumbuka waliniandikia kwenye kadi. Bado wanaihitaji?

Maabara, Tudor
Ndugu yangu, O ndiyo inayoombwa kila siku, kwa kuwa wagonjwa wengi hapa ni O na hao huongezewa O tu. Ukiwa O hasi ndiyo kabisa, ndiyo tunayoikimbilia mgonjwa akiwa mahututi na hatujajua kundi lake. Hebu iangalie ile kadi.

Likoni Ng'ambo
Imeandikwa O chanya. Jumamosi navuka na shemeji yangu. Tutakula kwanza.